Kupanga Matembezi ya Mzunguko Katika Vilima vya Kisii na Nyamira

Matembezi ya mzunguko ni safari ya miguu inayoanzia mahali fulani, ikapita vijiji kadhaa, na kurejea palepale ilipoanzia bila mtu kukanyaga njia ileile mara mbili. Safari ya wastani ya namna hii huwa ya kilomita kumi hadi kumi na nne, humaliza nusu siku, na mtu mzima mwenye afya huiweza bila mazoezi maalumu. Katika kaunti za Kisii na Nyamira njia za kupita hazikosekani. Vijia viko kila upande wa kila boma: vya kwenda kisimani, shuleni, kanisani, sokoni na kwenye kituo cha kuuzia majani ya chai. Kinachokosekana ni mpango wa kuviunganisha, kwa sababu vibao vya kuonyesha njia ni nadra, na kijia kinachoonekana kizuri kwenye kilele cha kilima huenda kikaishia katika uwanja wa mwenye nyumba.

Nchini Uingereza shughuli hii ina historia ndefu na ulinzi wa sheria. Watembeaji wa huko hutoka kijiji hadi kijiji wakifuata vijia vya umma ambavyo mwenye shamba haruhusiwi kuviziba, hata kama vinapita katikati ya ngano yake. Haki hiyo haikupatikana kwa urahisi. Mwaka 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwandani, waliingia kwa pamoja katika mlima wa Kinder Scout uliokuwa umefungwa kwa ajili ya uwindaji wa matajiri, na baadhi yao wakafungwa jela. Mwaka 1949 bunge lilipitisha sheria iliyozitaka halmashauri ziandike vijia vyote vya umma kwenye ramani rasmi, na mwaka 2000 sheria nyingine ikafungua nyanda za juu na mbuga zilizo wazi. Leo Mwingereza anayepanga matembezi hununua ramani iliyochorwa kwa kipimo cha 1 kwa 25,000, akafuata vistari vya kijani vinavyoonyesha vijia, na akawa na hakika kwamba kila kistari ni haki yake.

Gusii, yaani nchi ya Abagusii katika kaunti za Kisii na Nyamira, hakuna ramani ya namna hiyo. Anayepanga safari huko huanza na umbo la nchi yenyewe, kisha akageukia wenyeji wake.

Nchi ya Gusii ni matuta marefu ya vilima yaliyotenganishwa na mabonde membamba. Mji wa Kisii uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kilima cha Sameta kinafika mita 1,970, na Nyamasibi mita 2,170. Upande wa Nyamira kuna vilima vya Kiabonyoru, Nkoora na ukingo wa Manga. Maji yote ya nchi hii huishia katika Ziwa Victoria. Mto Gucha, ambao majirani wa magharibi huuita Kuja, hukusanya vijito vya sehemu kubwa ya Kisii, na upande wa kaskazini na mashariki maji huteremkia Mto Sondu. Kati ya mito hiyo mikubwa kuna vijito vingi mno, na karibu kila bonde lina chake.

Nyumba na mashamba vimefuata umbo hilo. Ardhi ilipopimwa na kuandikishwa katika miaka ya 1960, familia nyingi zilipata kipande chembamba kinachoanzia juu ya tuta na kushuka hadi mtoni, ili kila mmoja apate sehemu kavu ya kujenga, mteremko wa kulima, na maji chini. Barabara zikachorwa juu ya matuta. Ndiyo maana anayesafiri kwa gari katika Gusii huona miji mfululizo: boma, duka, shule, kanisa, boma tena. Mabonde hayaoni. Chini huko kuna majani ya kulishia ng'ombe, mikaratusi, matanuri ya matofali na visima vilivyojengewa, na vijia vinavyoshuka ni vya watu wa miguu peke yao.

Kutokana na hali hiyo, ugumu wa matembezi katika Gusii haupimwi kwa kilomita bali kwa idadi ya mabonde. Kilomita kumi juu ya tuta moja, kutoka soko hadi soko, ni kazi nyepesi ya asubuhi. Kilomita hizohizo zikivuka mabonde manne ni kazi ya kutoa jasho, kwa kuwa kila bonde lina mteremko unaochosha magoti, kijito kinachotaka daraja, na mpando unaokata pumzi. Mzunguko wa wastani una mabonde mawili, au matatu kwa waliozoea. Mpango mzuri huwa na sura hii: kuondoka sokoni juu ya tuta, kulifuata tuta kwa mwendo wa saa moja miguu ikichangamka, kushuka bonde la kwanza, kupanda tuta la pili na kupumzika juu yake penye soko dogo au shule, kulifuata tuta hilo, kisha kuvuka bonde la kurudi mahali ambapo pana daraja la uhakika. Mzunguko usio na bonde hata moja haufai, kwa kuwa unakuwa safari ya kando ya barabara, pikipiki zikipita na vumbi likipaa, na mtu hurudi nyumbani bila kuijua nchi aliyoipita.

Daraja ndilo linaloamua mzunguko wote. Katika mabonde haya kuna mahali pa kuvukia pa aina tatu. Kuna makalavati na madaraja ya zege ambapo barabara ya changarawe hukata bonde. Hapo hapana shaka, ila ni machache. Kuna madaraja ya watu wa miguu, mengine ya chuma au mbao yaliyojengwa kwa michango, mengine magogo mawili ya mkaratusi yaliyolazwa sambamba. Na kuna mawe ya kukanyagia, yanayofaa wakati wa kiangazi tu. Mpangaji makini huanza kwa kutafuta madaraja ya bonde analolitaka, akaweka alama kwenye mawili, moja la kwendea na jingine la kurudia, ndipo akachora njia ya kuyaunganisha. Anayefanya kinyume, akachora duara zuri kwenye karatasi na kutumaini kwamba daraja litapatikana, hujikuta mtoni saa sita mchana akilazimika kupanda tena kilima alichokwisha kukishuka.

Mahali pa kutembelea ni pengi, lakini maeneo manne yanastahili kutangulizwa.

La kwanza ni ukingo wa Manga, katika Kaunti ya Nyamira, karibu na mpaka wa Kisii. Ni ukuta wa miamba unaosimama juu ya mashamba. Anayefika juu yake siku isiyo na ukungu huuona mji wa Kisii na vilima vinavyoteremka kuelekea Ziwa Victoria. Uzuri wa Manga kwa mpangaji ni kwamba una njia za namna mbili: vijia vikali vinavyopanda mbele ya mwamba, na barabara za vijijini zinazozunguka nyuma kwa mteremko wa taratibu. Mzunguko hujitokeza wenyewe. Mtu hupanda mbele, akatembea juu ya ukingo, akashuka nyuma. Huko pia pana Ngoro ya Mwaga, mahali panapotajwa katika masimulizi ya Abagusii na kuheshimiwa na wazee. Mgeni hapaendei peke yake; humwomba mwenyeji ampeleke, na akiambiwa asikanyage sehemu fulani, hutii. Kwenye ukingo wenyewe hakuna kizuizi cha kumkinga anayeteleza, kwa hiyo watoto hushikwa mkono na hakuna anayekaribia ukingo mvua ikiwa imenyesha.

Eneo la pili ni vilima vya chai vya Nyamira, kuelekea Kebirigo, Tombe na Nyansiongo, ambako kuna viwanda vya wakulima wadogo chini ya shirika la KTDA, lililoanzishwa mwaka 1964. Mashamba ya chai hupendeza macho, lakini mpangaji anapaswa kujua kwamba michai iliyokomaa hushikana, na kupenya kati yake si rahisi wala si adabu, kwa kuwa matawi huvunjika. Njia salama ni ile wanayopita wachumaji wakiwa na vikapu mgongoni, na njia hiyo daima huelekea kwenye kituo cha kununulia majani. Vituo hivyo ni alama bora kuliko jina lolote la kijiji. Kila mtu wa eneo anavijua, vina paa na mahali pa kukaa, na siku ya uchumaji kuna watu wa kuulizwa.

Keroka ni eneo la tatu. Mji huu umekaa kwenye mpaka wa kaunti mbili, katika barabara kuu ya lami inayotoka Kisii kwenda Sotik, na soko lake hujaa ndizi na mboga. Kutoka hapo mtu anaweza kupanga mzunguko unaoanzia upande wa Kisii na kurudi kwa upande wa Nyamira. Faida kubwa ya Keroka ni usafiri: matatu hupita mchana kutwa, na anayechelewa kumaliza mzunguko hakosi gari la kumrudisha.

La nne ni Tabaka, katika Mugirango Kusini, nchi ya mawe laini yanayochongwa. Hapa matembezi huwa mafupi, kwa sababu mtu husimama kila baada ya hatua chache: katika uwanja mmoja vijana wanapasua mawe, katika mwingine wanawake wanasugua vinyago kwa maji na msasa, katika mwingine vinyago vimepangwa juani vikisubiri rangi au nta. Machimbo ya Tabaka ni mashimo ya wazi yenye kingo zinazobomoka, na njia hubadilika kila wachimbaji wanaposogea. Kwa sababu hiyo mzunguko wa Tabaka haupangwi bila mwenyeji anayefanya kazi katika machimbo hayohayo, na ni haki alipwe kwa muda wake.

Anayependa historia anaweza kuipa safari yake uzi wa kuifuata. Karibu na mji wa Kisii kuna Nyabururu, ambako Wakatoliki walifungua misheni mwaka 1911, na kilima cha Nyanchwa, ambako Waadventista waliweka makao yao miaka hiyohiyo. Nchi ya Kitutu ndiyo nchi ya Otenyo Nyamaterere, aliyemchoma mkuki ofisa wa kikoloni Geoffry Northcote mwezi Januari 1908. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Kwa kulipiza shambulio hilo, vijiji vya Gusii vilichomwa moto na mifugo ikatwaliwa kwa maelfu. Simulizi ya Otenyo, na ya Moraa wa Ngiti aliyewahimiza vijana kupigana, huwa na uzito mwingine ikisimuliwa juu ya tuta ambalo chini yake vijiji hivyo vinaonekana.

Eneo likishachaguliwa, kazi ya ramani huanza. Idara ya Upimaji ya Kenya ilichapisha ramani za kipimo cha 1 kwa 50,000, ambapo sentimita mbili ni sawa na kilomita moja ardhini. Ramani hizo ni za zamani. Barabara nyingi mpya hazimo, na shule zilizojengwa kwa miaka ya karibuni hazionekani. Lakini vilima na mito havijahama, na mistari ya mwinuko, ambayo katika nyingi ya ramani hizo imepishana kwa mita 20, ingali kweli. Kwa kuhesabu mistari inayokatwa na njia, mpangaji hujua atapanda mita ngapi kwa jumla. Picha za setilaiti zinazopatikana kwenye simu husaidia upande mwingine: huonyesha paa za mabati, vijia vyeupe katikati ya kijani, na mahali ambapo vijia viwili kutoka pande mbili za bonde hukutana mtoni. Vikikutana, hapo pana kivuko. Visipokutana, hapo watu huteka maji tu na kurudi.

Picha hizo zina kasoro moja: hupitwa na wakati haraka. Njia za Gusii hufuata urithi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira, katika eneo dogo kiasi kwamba Kisii ni miongoni mwa kaunti za mashambani zilizobanana zaidi nchini. Baba akigawia wana wake shamba, mipaka mipya hupandwa ua, na kijia kilichopita hapo kwa miaka arobaini husogezwa au kufungwa. Njia iliyokuwa wazi miaka miwili iliyopita huenda leo ina lango. Kwa sababu hiyo hakuna ramani inayochukua nafasi ya kwenda mwenyewe kuitembelea njia kabla ya kuwaleta watu wengine.

Muda hukadiriwa kwa kanuni aliyoitoa Mskoti William Naismith mwaka 1892, ambayo ingali ikitumiwa na wapanda milima duniani kote: saa moja kwa kila kilomita 5, na nyongeza ya saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Mzunguko wa kilomita 12 wenye jumla ya mita 450 za kupanda utachukua muda wa saa 2 na dakika 24 kwa umbali, na dakika 45 kwa mpando, yaani saa 3 na dakika 9. Hesabu hiyo ni ya mtu mwenye miguu imara, njia kavu na asiyesimama. Katika Gusii hakuna asiyesimama. Kuna salamu, kuna maswali, kuna mwenyeji anayesisitiza wageni waonje ndizi, kuna utelezi. Busara ni kuongeza nusu ya hesabu au zaidi, ili safari hiyo ipangiwe muda wa saa tano. Mtu aliyetoka Kisumu, ambako mwinuko ni kama mita 1,130, au Mombasa penye usawa wa bahari, atahisi pumzi ikimpungukia kwenye mpando wa kwanza. Siku ya kwanza hapaswi kufuata mwendo wa wenyeji.

Mvua ndiyo inayoweka saa ya kuondoka. Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka katika sehemu nyingi, na hakuna mwezi mkavu kabisa. Masika huanza Machi na kuendelea hadi Juni, na mvua za vuli hushuka kati ya Septemba na Novemba. Januari, Februari na Julai ndiyo miezi yenye nafuu. Hata hivyo saa ni muhimu kuliko mwezi. Asubuhi huwa angavu mara nyingi. Joto likipanda, hewa yenye unyevu kutoka ziwani hukutana na vilima, mawingu yakajikusanya, na kuanzia saa nane mchana hivi mvua hushuka ikiwa na radi, na wakati mwingine mvua ya mawe. Radi katika nchi hii si jambo la kupuuzwa, kwa kuwa imeua watu na mifugo. Anayeanza saa moja asubuhi humaliza saa sita au saa saba, kabla ya mawingu. Anayeanza saa nne hukutwa na radi juu ya tuta, mahali pabaya kuliko pote. Mawingu yakiwahi, mtembeaji hushuka kutoka kileleni, hujiepusha na mti uliosimama peke yake, na huingia katika nyumba au shule, si chini ya mkaratusi.

Mvua ndiyo pia inayoamua upande wa kuzungukia. Udongo mwekundu wa Gusii ni mzito na wenye rutuba, na ukilowa huteleza kama sabuni. Kupanda penye utelezi ni kazi, lakini kushuka ndiko kunakovunja mikono. Kwa hiyo mzunguko hupangwa ili sehemu kali ipandwe na sehemu ya taratibu ishukwe. Huko Manga maana yake ni kupanda mbele ya mwamba na kushuka kwa barabara ya nyuma. Aidha, bonde lenye daraja dhaifu huvukwa mwanzoni mwa safari, asubuhi, kabla kijito hakijajaa mvua iliyonyesha juu.

Sasa suala la ruhusa. Kenya ina Sheria ya Uvamizi, Sura ya 294, inayomkataza mtu kuingia katika ardhi ya mwingine bila idhini, na mtembeaji wa kujifurahisha hana haki ya kupita popote kama ile ya Uingereza. Barabara za umma ni za wote, zikiwemo zile za changarawe zinazoonekana kwenye ramani za mashamba. Vijia vinavyokata shamba la mtu hupitiwa kwa mazoea ya majirani, na mgeni si jirani mpaka ajulikane. Njia ya kujulikana ni rahisi na haina gharama kubwa. Siku chache kabla ya safari, mpangaji humwendea naibu wa chifu au mzee wa kijiji wa kila kata ndogo atakayoipita, akajitambulisha, akaeleza ni watu wangapi, watapita saa ngapi na wanatafuta nini. Mzee atataka kujua ikiwa ni watu wa kupima ardhi, wa siasa au wa kununua mashamba. Akiridhika kwamba ni watu wa kutembea tu, mara nyingi hutoa kijana wa kuwaongoza. Kijana huyo ni wa thamani kuliko chombo chochote cha kuonyesha njia, kwa maana anajua lango lipi lina mbwa mkali na daraja lipi lilibebwa na maji wiki iliyopita.

Njiani, salamu hutangulia kila kitu. Kupita kimya mbele ya mtu anayepalilia ni utovu wa adabu katika sehemu nyingi za Kenya, na Gusii ni zaidi. Asubuhi husemwa “Bwakire”, na mzee wa kiume huitwa “tata”, bibi kizee “magokoro”. Mgeni akikosea matamshi, hucheka pamoja na aliyemsalimu, na mlango wa mazungumzo huwa umefunguka. Picha za watu hazipigwi bila kuomba, hasa za watoto na za wachumaji wakiwa kazini. Na giza halisubiriwi. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano mwaka mzima, kwa kuwa nchi hii iko chini ya digrii moja kusini mwa Ikweta. Kundi la wasiojulikana linalozunguka kati ya maboma usiku huzua hofu, na hofu hiyo imewahi kuwaletea watu wasio na hatia madhara makubwa.

Siku ya juma nayo huchaguliwa. Waadventista wa Sabato ni wengi sana katika Gusii, na Jumamosi maduka na vibanda vya chai katika vijiji vingi hufungwa hadi jua linapozama. Njia hujaa watu waliovaa vizuri wakienda kanisani, na kwaya husikika kutoka tuta hadi tuta. Ni siku nzuri ya kusikiliza na mbaya ya kutafuta chakula. Jumapili ni siku ya Wakatoliki na makanisa mengine, lakini biashara huendelea kidogo. Siku ya soko ni nzuri kwa anayetaka kuona maisha, kwa sharti aanzie safari kwenye soko hilo, maana matatu huwa tele asubuhi na jioni.

Chakula hakihitaji kubebwa kwa wingi. Kwenye soko dogo lolote kuna hoteli ya mabati yenye chai ya maziwa, chapati na maandazi, na mchana ugali, wa mahindi au wa wimbi, pamoja na mboga za saga au managu. Kando ya njia huuzwa ndizi mbivu, miwa na parachichi. Kinachobebwa ni maji, lita mbili kwa kila mtu, kwa sababu maji ya kijito hayanyweki bila kuchemshwa hata yakionekana safi. Visima vilivyojengewa ni salama zaidi, ila navyo ni vya wanakijiji, na mgeni huomba. Viatu viwe vya soli yenye meno. Wakulima wengi huvaa gambuti, nazo hufaa bondeni, lakini kwa kilomita 12 huchubua visigino. Fimbo ya mkaratusi, inayopatikana kwa kuomba tu, husaidia kwenye mteremko. Fedha ndogondogo ziwe mfukoni, kwa kuwa si kila kibanda kinapokea malipo ya simu.

Kila mzunguko huwekewa mahali pa kukatizia. Kwa bahati nzuri, katika Gusii barabara haiko mbali: popote mtu alipo bondeni, akipanda atafika kwenye tuta, na juu ya tuta atapata pikipiki. Mpangaji huandika majina ya masoko mawili au matatu ambako aliyeteguka mguu anaweza kupelekwa, na hospitali iliyo karibu, iwe ile ya rufaa ya Kisii au ya kaunti iliyo Nyamira. Kundi lisizidi watu kumi na wawili. Zaidi ya hapo wa mbele huwa wamefika mtoni wa nyuma wakiwa bado sokoni, na vijia vyembamba vya kati ya mahindi havibebi msafara mrefu bila mimea kukanyagwa.

Mpango ukikamilika huandikwa kwenye karatasi moja, kwa mtiririko wa njia yenyewe: kuondoka sokoni kwa kuelekea shule fulani, kushika kulia baada ya kituo cha majani, kushuka kando ya mikaratusi hadi daraja la magogo, kupanda kijia kilicho kushoto kwa kisima. Alama ziwe zile zisizohama, kama kanisa, shule, kiwanda, daraja na kituo cha chai, wala si rangi ya duka ambayo kampuni za simu huibadilisha kila msimu. Kando ya kila alama huandikwa saa ya kufika. Kisha mtu mmoja au wawili huitembea njia hiyo yote kama ilivyoandikwa, wakiwa na saa na kalamu, wakirekebisha kila mahali ambapo karatasi na ardhi vimehitilafiana. Karatasi iliyorekebishwa hupewa tarehe, nakala moja huachiwa mzee wa kijiji, na kabla ya kila safari mpya mtu hupiga simu kwa mwenyeji kuuliza kuhusu madaraja.